Vidole vya Fundi

Watu wa mtaa ule hawakuwa na haja ya jina lake. Ukisema Fundi, bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema yeye, yule mwanamke mrefu mwenye chumba cha kushonea pale kwenye kona, ambaye gauni la harusi likitoka mikononi mwake bibi harusi hukatazwa kukaa mpaka apigwe picha. Mafundi wengine walikuwepo, tena wengi, lakini hao walihitaji maelezo: fundi wa suruali, fundi wa karibu na kituo, fundi yule mwongo wa tarehe. Yeye alikuwa Fundi, basi.

Alikuwa na mdogo wake wa kike wa tumbo moja, na huyo naye alibeba jina la utani tangu utotoni: Profesa. Alipewa kwa sababu ya maswali. Akipewa ndizi, anauliza mbegu zake ziko wapi. Akikatwa kucha, anauliza kwa nini haziumi. Mama yao alipofariki, Fundi ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukanyaga cherehani. Akamlea mdogo wake, akamsomesha, akamshonea sare za shule zenye upindo mrefu ili zishushwe kila anapoongezeka kimo. Maswali yakampeleka mbali yule mtoto. Sasa alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, akifundisha habari za seli. Cheo cha uprofesa chenyewe alikuwa bado anakisubiri, lakini nyumbani walishampandisha zamani.

Fundi alipoona kivimbe kwenye titi lake hakumwambia mtu ila mdogo wake. Profesa hakulia wala hakumkumbatia. Alishika simu, akaanza kuwapigia madaktari anaowafahamu, na wiki haikuisha kabla kivimbe hakijakatwa kipande, kikapimwa, kikapewa jina lake. Saratani. Fundi alilisikia neno hilo akiwa ameketi, akaitazama mikono yake iliyotulia mapajani, akafikiria gauni la mteja lililokuwa bado halijatiwa bitana.

Walipotoka hospitali, Profesa alimpitisha maabara kwake chuoni. Alitaka aione kazi ya dawa kabla haijaingia mwilini, maana, alisema, kitu ukishakiona hakikutishi sana. Chumba kilikuwa cha baridi, kina harufu ya spiriti, na jokofu kubwa linalonguruma pembeni kama mtu aliyelala vibaya. Profesa akazima taa, akamwonyesha pa kuweka jicho kwenye darubini.

Fundi siku zote alidhani seli ni matone tu, vifuko vya maji. Hizi alizoziona zilikuwa na nyuzi. Nyuzi za kijani zimetoka katikati ya kila seli kuelekea pembeni, nyembamba, zimenyooka, zinang'aa gizani. Na nyingine nyekundu zimejipanga kwa mafungu kufuata ukingo, zimekazwa kama kamba za turubai. Profesa alimweleza akiwa amesimama nyuma yake, mkono begani. Hicho ndicho kiunzi cha seli, alisema. Bila hicho seli hukosa umbo, hulegea kama nguo iliyovuliwa ikaachwa sakafuni. Zile nyekundu husukuma ukingo wa mbele, seli ikanyoosha kama mguu, kisha hukaza nyuma, seli ikajivuta. Ndivyo inavyotambaa mpaka kwenye jeraha kwenda kuliziba. Zile za kijani si nyuzi hasa, ni mirija yenye uwazi ndani, na juu yake hupita wapagazi wadogo wenye mizigo, wengine wakienda pembeni, wengine wakirudi katikati. Tena kiunzi hicho hakijatulia kama mifupa yetu. Kinajengwa na kubomolewa muda wote, huku kikirefuka, kule kikifupika.

"Kumbe humu ndani nako kuna mafundi," Fundi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi wakacheka wote wawili.

Halafu Profesa akaingia kwenye dawa. Seli inapojigawa, alisema, mirija ile ndiyo inayovuta urithi wake huku na huku, ili kila upande upate fungu lake. Seli ya saratani hujigawa bila adabu. Dawa atakayotundikiwa huishika mirija isiweze kubomoka, na mirija isiyobomoka haiwezi kujipanga upya. Seli hukwama katikati ya kazi, kama mteja mnene aliyelazimisha gauni la mdogo wake, mikono juu, kichwa ndani, haendi mbele wala harudi nyuma. Inakaa hivyo mpaka inakufa.

Profesa aliijua dawa ile kuliko mtu yeyote, kwa sababu masomo yake yote ya udaktari wa falsafa yalikuwa juu yake. Fundi hakumuuliza aliichunguza kwenye seli za aina gani. Nani angewaza kuuliza?

Wakaanza safari za dripu. Profesa hakumwacha aende peke yake hata mara moja. Alikuwa akifika asubuhi na blanketi na chupa ya chai, anaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, anasahihisha kazi za wanafunzi mpaka chupa ya dawa iishe. Wagonjwa wengine walimwonea Fundi wivu. Walisema huyu ana ndugu, siyo sisi ambao ndugu zetu wanatuuliza tumefikia wapi kama vile tunajenga nyumba. Fundi alikuwa akitabasamu, upara wake umefungwa kitambaa cha satini alichokipinda mwenyewe, akajiona kweli ana bahati.

Dripu ya tatu ilipopita, ncha za vidole zilianza kumchonyota. Ilikuwa kama mkono uliolaliwa unapoanza kuamka, ila huu haukuamka. Akamwambia mdogo wake. Profesa aliushika mkono ule, akaubonyeza kidole kimoja kimoja, kisha akasema ni kawaida, inatokea kwa wengi, dawa ikiisha vidole vitarudi vyote. Akaongeza kwamba jambo hilo asimpelekee daktari, kwa kuwa madaktari ni waoga; akisikia neno ganzi atapunguza dawa au ataikatisha, na saratani iliyopigwa nusu ni nyoka aliyekatwa mkia.

"Vitarudi kweli?" Fundi aliuliza. "Mimi mikono hii ndiyo mimi."

"Vitarudi, dada. Kwani mimi nafundisha nini?"

Basi Fundi alipoulizwa na wauguzi kama ana ganzi, alisema hana. Siku alizositasita, Profesa alimjibia, na muuguzi akapita kitanda cha pili. Vidole vikazidi kuwa vizito. Vikombe vilimponyoka. Vifungo vya blauzi yake mwenyewe akawa anavifunga mbele ya kioo, akiviongoza kwa macho. Kule kazini, aliyegundua ni mwenzake wa mashine ya pili, mwanamke mcheshi waliyemwita Mama Pacha. Walikuwa wameshona pamoja miaka mingi, na Mama Pacha alijua kwamba Fundi hutunga uzi kwenye sindano huku anatazama dirishani na kumsema mtu. Sasa alikuwa ananyamaza, anaikodolea macho sindano kama inayotaka kutoroka. Mama Pacha akamwuliza. Fundi akasema ni dawa tu, mdogo wangu amenihakikishia, itakwisha.

Dripu zikaisha. Vipimo vikaja safi, daktari akampa mkono, wauguzi wakapiga makofi, Profesa akaenda kusimama kwenye korido akiwa ameegemea ukuta, mabega yakimtetemeka. Nywele zikaota tena, laini kama za mtoto mchanga. Hamu ya kula ikarudi. Vidole havikurudi. Kila alipomuuliza mdogo wake, aliambiwa avute subira.

Siku moja, baada ya miezi ya subira hiyo, alikuwa anashonea shanga kifuani mwa gauni la harusi. Kazi ya shanga hakumwachia mtu, ndiyo iliyompa jina mjini. Alikuwa ameinama, mkono wa kushoto chini ya kitambaa, wa kulia juu, taa karibu na uso, na kazi ilikwenda vizuri kuliko siku nyingi zilizopita. Akajipongeza moyoni. Mlango ukafunguliwa, wakaingia bibi harusi na mama yake kuja kujaribisha. Mama mtu akasogea kulitazama gauni, kisha akarudi hatua nyuma.

"Fundi, hii ni nini?"

Chini ya shanga, satini nyeupe ilikuwa na madoa mekundu, moja kubwa na mengine yakilifuata. Fundi akataka kuutoa mkono wa kushoto ili aangalie. Mkono ukatoka, na gauni likaja nao. Alikuwa amejishona. Uzi ulipita kwenye nyama ya ncha ya kidole, ukaingia satini, ukapita kwenye shanga, ukarudi kidoleni, mshono safi wenye nafasi sawasawa, na yeye hakuwa amesikia kitu.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama Pacha alikuja na mkasi mdogo, akapiga magoti, akakata nyuzi moja baada ya nyingine huku akimsemesha maneno ya kawaida ya kazi, kama anayefumua pindo. Bibi harusi alikuwa analia. Mama yake aliomba kitambaa chao kilichobaki, kwa upole mkubwa, na upole ule ulimuuma Fundi kuliko matusi.

Kesho yake alikwenda hospitali peke yake. Profesa alikuwa na mitihani ya kusimamia, na Fundi hakumwambia. Daktari wa saratani alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye miwani aliyoisukuma juu ya paji la uso na kuisahau hapo. Alimgusa vidole kwa pamba, kwa pini, kwa kipande cha chuma baridi, akimwambia afumbe macho na aseme anapoguswa. Fundi akakaa amefumba macho, akingoja kuguswa. Daktari alipomwambia afumbue, alikuwa ameshamaliza.

Akamuuliza ganzi ilianza lini. Fundi akamwambia: tangu dripu ya tatu.

Daktari akaishusha miwani machoni. Alisema kila mara waliuliza, na kila mara jibu lilikuwa hakuna. Angalijua mapema angalipunguza kipimo, au angalipanua nafasi kati ya dripu, au angalibadilisha dawa kabisa, kwa kuwa zipo nyingine. Fundi akauliza kama kwa njia hiyo angalipona. Daktari alifikiri, na kwa uaminifu wake akasema pengine ndiyo, pengine hapana, yeye mwenyewe angalijaribu. Kisha akamchorea mstari kwenye karatasi. Seli ya kuhisi iliyo kidoleni, alisema, kiini chake hakipo kidoleni. Kipo huku karibu na uti wa mgongo, na mkia wake unashuka bega, mkono, kiganja, mpaka ncha ya kidole; ni seli moja hiyo, ndefu kama mkono wako. Chakula na vifaa vyote vya ncha ile hubebwa kwenye mirija, mwendo wote huo. Dawa inayogandisha mirija ya saratani hugandisha na mirija hii. Njia ikiziba, kijiji cha mwisho ndicho kinachokufa njaa kwanza. Ndiyo maana ganzi huanzia nchani, vidole vya mikono na vya miguu. Ikikamatwa mapema hupona kiasi. Ikiachwa mpaka mwisho, mkia wenyewe hunyauka.

"Nashangaa mdogo wako hakukwambia," akasema, bila nia yoyote mbaya. "Utafiti wake wote ni kuhusu dawa hii na mishipa ya fahamu. Sisi hapa tunausoma."

Fundi alimshukuru, akatoka, akatembea kwa miguu mpaka chuoni, kipande kirefu kwenye jua, kwa nyayo ambazo nazo hazikuisikia barabara vizuri.

Profesa alikuwa ofisini, amezungukwa na madaftari ya mitihani. Alimtazama dada yake usoni, akatazama kidole kilichofungwa bendeji, akainuka akafunga mlango.

"Ulijua," Fundi alisema.

"Nilijua."

"Uliniambia vitarudi."

"Kwa wengine hurudi." Akavua miwani, akaishika mkononi. "Kwa dawa nyingi kiasi kile, nilijua huenda visirudi."

Akaanza kueleza. Alieleza vizuri, kama anavyoeleza kila kitu: uvimbe ulikuwa wa aina kali, kipimo kamili ndicho kilichokuwa na ushahidi, kila dripu iliyopunguzwa ilikuwa mlango ulioachwa wazi. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho kisha akauliza swali moja tu, kwa nini hakuambiwa haya haya siku ile ya darubini.

"Kwa sababu nakufahamu," Profesa akasema. "Ungeuliza habari za vidole kabla ya kuuliza habari za kupona."

"Labda. Au labda ningesema tieni yote, vidole viende zao. Sasa hatutajua, si wewe wala si mimi. Ni mwili wangu na hukuniuliza."

"Mama tulimuuliza."

Nje wanafunzi walikuwa wanapita, mmoja anamdhihaki mwenzake kwa kushindwa mtihani.

"Mama alisema amechoka na dawa," Profesa akaendelea, na sauti yake haikupanda. "Wewe ukamwambia apumzike. Akapumzika. Mimi nilikuwa mtoto, nilikaa mlangoni, hakuna aliyenitaka shauri. Safari hii sikutaka kumuuliza mtu."

Fundi alikuwa msichana tu wakati ule. Mama yao alikuwa ametapika usiku na mchana mpaka akawa hana cha kutapika, akamshika binti yake mkubwa mkono, akasema mwanangu nimechoka, na binti akasema pumzika mama. Yeyote angelisema. Miaka yote hiyo, katika sare zote alizomshonea huyu, katika vyakula vyote walivyokula kwenye sahani moja, neno lile lilikuwa limekaa ndani ya mtoto likingoja, na yeye hakulijua. Sasa alielewa kwamba aliyeketi kando ya kitanda chake na blanketi na chupa ya chai hakuwa na imani naye hata siku moja.

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," alisema. "Umenibakizia roho. Ahsante."

"Uko hai, dada."

"Niko hai. Endelea kusahihisha."

Chumba cha kushonea hakikufungwa. Mama Pacha alikishika, akaleta fundi mwingine kwa mashine ya kwanza. Alimwomba Fundi awe anakuja kuelekeza, akamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Fundi akamjibu kwamba aliyesema hivyo alivunjikiwa na koleo, hakuvunjika mikono. Hata hivyo alikuwa akienda, maana nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Alikaa kwenye stuli, akasema hapa punguza, hapa achia, na kuna siku alinyoosha mkono kushika kitambaa ajue ubora wake, kama alivyokuwa akifanya maisha yake yote kwa kukisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Satini, pamba, gunia, vyote vilikuwa kitu kimoja. Akauliza ni kitambaa gani, na fundi mpya akadhani anamtahini. Watu waliendelea kumwita Fundi. Jina lilimning'inia kama kibao cha duka lililohama.

Profesa alikuja kila Jumapili. Fundi hakumfukuza. Alimkaribisha chai, akamuuliza kazi, akamsindikiza mpaka mlangoni, akamtendea yote ambayo mgeni hutendewa. Wa kwanza kuchoka na adabu ile alikuwa Profesa. Jumapili moja aliomba atukanwe tu yaishe. Fundi akamwuliza kama chai inamtosha sukari.

Halafu binti wa Profesa akaolewa. Huyu Fundi alimpenda, kwa kuwa mtoto hakuwa na hatia, na mtoto alimwita mama mkubwa kwa sauti iliyokuwa na haki zote ndani yake. Gauni lilinunuliwa dukani, tayari. Asubuhi ya harusi wanawake walijaa chumbani, pasi inafuka, viatu havionekani, na bibi harusi akamgeuzia Fundi mgongo, akasema hataki mtu mwingine amfunge.

Vilikuwa vifungo vidogo vilivyovikwa kitambaa, vimepangana kutoka kiunoni mpaka shingoni, kila kimoja na kitanzi chake chembamba cha uzi. Fundi akaanza na cha chini. Alikibana kwa vidole, akakitazama, akakisukuma, kikateleza. Akarudia. Kikapita. Cha pili kilikataa. Gari lilikuwa linapiga honi nje. Wanawake wakaanza kuzungumza mambo mengine kwa sauti kubwa, wasionekane wanangoja. Jasho likamtoka Fundi kwenye midomo, na mgongo wa msichana, ambaye sasa alikuwa ameelewa, ulikuwa umekakamaa mbele yake.

Mkono mwingine ukaja kando ya wake, mkono wa mdogo wake, mwepesi, ukashika kitanzi cha pili.

"Toa," Fundi akasema polepole. "Huu si mtihani wako."

Profesa akautoa. Akasimama pale, mikono haijui pa kukaa. Fundi akainua macho, akamtafuta Mama Pacha katikati ya wanawake, akamwita, akampisha. Vidole vya Mama Pacha vikapanda mgongo ule bila kupumzika, huku mwenyewe akitania kwamba gauni la dukani halina aibu, limepinda begani na hakuna aliyelichapa. Wote wakacheka zaidi ya kiasi. Fundi akatoka nje akapanda gari la nyuma, akakaa karibu na dirisha.

Saratani haikurudi. Kila alipopimwa alikutwa yuko safi, na kila mara, kabla hata hajafika nyumbani, simu ya Profesa ililia kumuuliza wamesemaje. Alimwambia: wamesema mzima. Akasikia upande wa pili mtu akishusha pumzi ndefu, pumzi ya kweli, na kwa kuwa ilikuwa ya kweli ndiyo maana hakuweza kuisamehe. Akaaga, akaitazama simu, akatafuta kwa macho kitufe cha kuikata.